Ngano Isiyo na Alama

Mwaka ule ngano ya Beriso Edao ilikuwa nzuri kiasi cha kuogopesha. Mvua za Juni zilikuwa zimekuja kwa adabu, hazikuwahi wala hazikuchelewa, na Agosti ilipokaribia kwisha mteremko mzima wa Tulu Kawo ulikuwa wa kijani cha namna moja, shamba hadi shamba, maana kila kaya ilikuwa imepanda mbegu iliyotoka ghalani mwa Beriso. Aliyesimama barabarani asingeweza kusema shamba la huyu linaishia wapi na la yule linaanzia wapi. Watu walisema ni baraka. Mimi nasema ardhi ikivaa sare namna ile, mwenye akili huuliza ni nani aliyeishona.

Beriso hakuuliza. Kila asubuhi alisimama kando ya barabara, shuka zito mabegani, fimbo nyuma ya shingo na mikono ikining'inia juu yake, ili apitaye apate nafasi ya kumsifu. Siku hiyo alipita Tibeso, mweka hazina wa mfuko wa ukoo, mtu wa maneno mengi, akimswaga punda wake kwenda gulioni.

"Beriso! Bado unaichunga? Ngano haitoroki, ndugu yangu. Wanaotoroka ni ng'ombe."

"Sichungi. Naitazama tu."

"Basi itazame kwa jicho moja. Ukiitazama kwa yote mawili utaitia kijicho."

"Hii haiugui, Tibeso. Hii ni Lalisa, mbegu yenye kinga. Mwenye Lalisa hanunui dawa. Dawa ni za watu wa bondeni."

"Haya. Ngoma ikilia sana..."

"Kaimalizie nyumbani kwako hiyo!"

Wakacheka wote wawili. Tibeso akamwona Obse, binti wa Beriso, katikati ya shamba, ameinama, anakata ncha za majani na kuzitia kwenye bahasha ndogo.

"Na huyo? Mmeanza kula majani?"

Hilo ndilo swali ambalo Beriso alikuwa akilingojea tangu alfajiri. "Anayapeleka kazini. Huko kwenye kituo cha utafiti miche yao ya Lalisa imeoza kwenye makopo, sasa wanaazima kwangu. Umesikia? Serikali inaazima kwa Beriso!"

Tibeso alimpiga punda kofi la mgongo, akaenda zake huku akitikisa kichwa na kutabasamu. Kwa kweli watu wa Tulu Kawo walimpenda Beriso, pamoja na majivuno yake, na hilo ndilo linaloniuma ninapoisimulia habari hii.

*

Obse alikuwa msaidizi katika maabara ya majani, kituoni nje ya mji wa Asella. Kazi yenyewe aliielewa tangu wiki ya kwanza, kwa sababu alikulia kwenye ng'ombe. Ng'ombe wa ukoo hukatwa ncha ya sikio. Alama ile haitoi maziwa wala hailimi, lakini hata ng'ombe akipotelea kwenye kundi la watu wasiojulikana, utalitazama sikio na kujua ni wa nani. Ngano nayo ina alama ndani ya vinasaba vyake. Alama yenyewe haizuii ugonjwa. Inakaa tu jirani na kile kinachouzuia, na vinarithiwa pamoja. Kwa hiyo mtafiti hahitaji kungoja kutu, ule ugonjwa wa ngano, ije iue shamba ndipo ajue mmea upi una kinga. Anakata jani la mche mchanga, analisaga, anatia dawa, anaweka kwenye mashine, na mwisho anatazama chini ya taa ya buluu kama mstari wa alama umetokea.

Siku hiyo walikuwa wanapima uzao mpya, na jani la Lalisa liliwekwa pembeni kama shahidi, maana kila mtu anajua Lalisa ina alama. Shahidi akionyesha mstari, basi mashine imefanya kazi. Taa ilipowashwa, uzao mpya ulionyesha mistari yake, mingine ipo, mingine haipo, kama ilivyotazamiwa. Mahali pa shahidi palikuwa peupe.

Daktari Mulu, mkuu wa maabara, alivua miwani, akaivaa tena. "Obse, umetia maji badala ya jani?"

"Hapana, Daktari."

"Basi umesinzia. Shahidi akinyamaza kesi nzima imevunjika. Unajua dawa hizi zinatoka wapi? Unajua zinachukua muda gani kufika hapa?" Alisema hayo mbele ya wenzake wote, na kijana mmoja wa kitengo cha mavuno akachekea puani. "Rudia. Na leo hutoki mpaka nione mstari."

Obse alirudia. Akachukua majani mengine kutoka bahasha ile ile, ya sehemu nyingine za shamba. Taa ilipowashwa mara ya pili, katika majani yote yale mstari ulitokea kwenye mawili tu. Mengine yalikuwa kimya.

Sasa Daktari Mulu hakukasirika. Alivuta kiti. "Haya majani umeyatoa wapi?"

Obse alifungua kinywa aseme, "Kwa baba yangu." Aliona sura ya baba yake akiwa barabarani, fimbo nyuma ya shingo. "Kando ya barabara, Daktari. Nilikuwa nimechelewa, nikachuma tu."

"Shamba la nani?"

"Sikuuliza."

"Umefanya upuuzi," alisema Daktari, lakini kwa sauti ya chini. "Basi hiyo si Lalisa. Ni ngano ya zamani iliyochanganywa na Lalisa kidogo. Na kama mwenyewe anadhani ni Lalisa, Mungu amsaidie. Jana nimepigiwa simu kutoka bondeni, kutu ya shina imeshaonekana. Upepo ukigeuka itapanda huku kabla punje hazijajaa. Akipiga dawa sasa, atapona. Akingoja aione kwa macho yake, amekwisha." Alisimama. "Ungekuwa unamjua ningekutuma sasa hivi umwambie."

Obse akaenda kuosha vichupa. Akaviosha mara mbili.

*

Alisema jioni ile ile, chakula kikiwa mezani. Hakujua namna ya kulizunguka jambo, akalitupa katikati ya sinia.

"Baba, ngano yetu si Lalisa."

Beriso alicheka, tonge mkononi. "Ni nini basi, shayiri?"

"Nimepima mara mbili. Alama haipo. Iko kwenye michache tu. Baba, ile mbegu ya baada ya mvua ya mawe uliichanganya?"

Kicheko kikakatika. Zeytuna, mkewe Beriso, aliweka birika chini polepole.

Mwaka juzi mvua ya mawe ililipiga shamba la Beriso peke yake, kama iliyotumwa. Kwenye Lalisa aliyopewa na kituo akabaki na magunia mawili tu. Ukoo ukafanya kama ufanyavyo siku zote kwa aliyefikwa na balaa: kila kaya ilileta mbegu. Feyo, kaka yake Zeytuna, alileta nyingi kuliko wote. Na kwetu msaada haupokelewi kama mzigo wa gulioni. Mtoaji anamimina mwenyewe ghalani, anaomba dua, mpokeaji anaitikia amina. Kuitenga mbegu ya fulani na ya fulani ni sawa na kumwambia fulani kwamba mkono wake unanuka. Beriso alimimina na Lalisa yake juu, akakoroga, akapanda. Mwaka huo kutu haikuja. Mavuno yakawa mema, naye akaurudishia ukoo fadhila: kila kaya ilipewa mbegu, na kila aliyepewa aliambiwa ni Lalisa.

"Nisingechanganya ningefanyaje?" alisema Beriso. "Nipange magunia, hili la Feyo, hili la Tibeso, kama karani? Watu wananipa mbegu siku ya msiba wangu, mimi nawachambulia?"

"Sikulaumu, Baba."

"Tena Lalisa ilikuwemo. Tulikuwa nayo ghalani. Kijiko kimoja cha mtindi kinageuza kibuyu kizima, au hujaona mama yako akigandisha maziwa?"

"Ngano si maziwa, Baba. Kila punje inabaki ilivyo."

Beriso alimtazama bintiye kama anayesikia lugha ya kigeni. Alikuwa ameamini hivyo kwa moyo mmoja. Alikuwa mwana wa wachungaji, mjukuu wa wachungaji, na ngano ilimkuta akiwa tayari na akili ya maziwa.

Zeytuna akauliza, "Mbegu ya kaka yangu imefanya nini?"

"Haijafanya kitu, Mama. Ni ngano nzuri tu. Haina kinga, basi. Kutu iko bondeni, Daktari anasema itapanda. Bado kuna muda. Tuwaambie watu leo. Kila mtu auze hata kondoo mmoja, anunue dawa."

"Niwaambie nini?" Beriso alisukuma sinia. "Niwaambie mlinipa msaada, nikawarudishia huo huo msaada wenu nikauita Lalisa, mkanishukuru, mkanibusu mkono? Nimwambie Feyo zawadi yako ndiyo uchafu?"

"Hakuna aliyesema uchafu."

"Ukishasema haina alama umeshasema." Sauti yake ikashuka. "Huko kazini umewaambia ni shamba la nani?"

"Nimesema nimechuma njiani."

Uso wa Beriso ulilegea. Akanyoosha mkono akamshika bintiye bega. "Umefanya vizuri, mwanangu."

Obse aliusikia mkono ule begani na akatamani angempiga kofi badala yake.

"Kesho utakwenda kwa kaka," Zeytuna alimwambia mumewe. Hakuwa mwanamke wa kupaza sauti. "Ukamwambie yeye kwanza, ana kwa ana. Ni ndugu, ataelewa. Wengine watafuata."

Asubuhi Beriso alivaa kanzu safi, akaenda.

*

Kwa Feyo alikuta bati. Mabati mapya yameegemezwa ukutani yanang'aa juani, na fundi akipima mahali pa nyumba ya mwana wa Feyo, aliyekuwa anaoa baada ya mavuno. Feyo alimpokea shemeji yake kwa kelele, akamtoa mtu mwingine kwenye kiti chenye mgongo ili yeye akae, na mkewe akaleta uji mzito wa shayiri wenye kisima cha siagi katikati, chakula cha mgeni wa heshima.

"Kula, shemeji, kula! Bati hizi unazoziona ni zako. Mwenye duka alikataa kunikopesha. Nikamwambia njoo uone shamba. Alipoona akauliza, ni mbegu gani? Nikamwambia ni Lalisa ya Beriso. Akanifungulia stoo mwenyewe."

"Alhamdulillahi," alisema Beriso.

"Wa bondeni wanalia. Umesikia? Kutu. Jana binamu yangu wa huko kaja kuomba fedha za dawa. Nikamwambia, mlikuwa wapi watu walipokuwa wanachukua mbegu kwa shemeji yangu?" Fundi akacheka, na wageni wengine nao.

Hapo Beriso aliipata nafasi. Mlango ulikuwa wazi, angeingia tu. "Feyo," alisema, "hata hivyo... unaonaje ukinunua dawa kidogo? Kidogo tu. Ya tahadhari."

Feyo alimkodolea macho, kisha akapasuka kicheko. "Mwasikia? Ananijaribu! Wewe si ndiye uliyesimama mbele ya ukoo mzima ukasema mwenye Lalisa hanunui dawa? Au umefungua duka la dawa, shemeji, unatafuta wateja?"

Ua zima likacheka. Mkewe Feyo alicheka hadi akajifunika mtandio. Beriso naye alicheka, kwa sababu watu wengi wakikucheka kwa mapenzi ni vigumu kubaki peke yako na uso mkavu.

"Nilikuwa natania," alisema.

Akala uji wote. Zeytuna alipomuuliza, alisema amewaambia wajihadhari. Hakusema uongo, na hilo lilimpa nguvu ya kulala.

*

Juma lililofuata aliuza mtamba wake mweusi gulioni, kwa bei ya mtu mwenye haraka. Fedha zilitosha dawa ya shamba moja. Pampu ya mgongoni aliiazima upande wa pili wa kilima, akasema anataka kuwapulizia kondoo dawa ya kupe. Akaanza kupiga dawa alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala juu ya ngano, amejifunga kitambaa puani.

Obse alimkuta ukingoni mwa shamba akienda kazini.

"Baba. Unapulizia la kwako peke yake?"

"Ondoka hapo, upepo unakuja kwako."

"Na Mjomba Feyo je?"

Beriso aliteremsha kitambaa. Macho yalikuwa mekundu, kwa dawa au kwa kukosa usingizi. "Sikiliza. Kutu isipokuja, hakuna aliyeumia, na hakuna aliyeaibika. Ikija, angalau litabaki ghala moja la kuwalisha. Mimi nitawalisha. Nitamlisha Feyo na watoto wake mpaka mwaka uishe. Unadhani nina roho mbaya?"

Hakuwa na roho mbaya. Mtu mwenye roho mbaya angalau anajua anachokifanya. Obse alisimama pale na kikapu chake cha chakula cha mchana. Angeweza kupanda juu kwa mjomba wake, mwendo wa kupika chai. Alitazama njia ya juu, akatazama njia ya Asella. Watoto wetu tumewafundisha kwamba siri ya baba ni nguo ya baba, anayeivua amemvua. Akafuata njia ya Asella.

*

Upepo uligeuka baada ya Meskeli, sikukuu ya Msalaba, Wakristo wa mjini walipokuwa bado wanafagia majivu ya mioto yao. Kwanza suruali. Mwanamume mmoja alirudi kutoka shambani na suruali imekuwa nyekundu magotini, akadhani ni vumbi la barabara, akaikung'uta, haikukung'utika vizuri. Siku chache baadaye kila aliyepita kati ya ngano alitoka na rangi ile. Shina lilikuwa limepasuka ngozi, na ndani ya mpasuko umejaa unga wa rangi ya matofali.

Watu walikimbilia dawa. Madukani Asella bei ilikuwa imepanda mara tatu, na kisha hata kwa bei hiyo haikuwepo. Waliopata walipuliza, lakini walipuliza maiti. Unga mwekundu uligeuka mweusi. Mashina yakalala. Wanawake walipofikicha masuke viganjani zilitoka punje nyembamba kama mbegu za nyasi, za kulisha kuku, na kuku wenyewe wazichague.

Feyo alikuja kwa Beriso siku hizo, si kulaumu. Alikuja kukaa. Alikuwa amerudisha mabati, na mwenye duka alikuwa ameyapokea mbele ya watu, akiyagonga moja moja kwa kidole kutafuta yaliyobonyea. Ng'ombe wake wa jembe walikuwa wameuzwa. Upande wa bibi harusi walikuwa wametuma salamu kwamba hawana haraka.

"Si tulipanda Lalisa, shemeji?" aliuliza. "Niambie nimekosea wapi. Labda nimepanda kina kirefu?"

"Labda," alisema Beriso.

Zeytuna, aliyekuwa anamimina kahawa, alimwaga kikombe kizima kwenye mkeka.

Na juu ya mteremko ule uliokuwa mweusi kutoka barabarani hadi msituni, shamba la Beriso lilisimama peke yake, la dhahabu, masuke yameinama kwa uzito. Lilionekana hata kutoka mjini. Beriso aliacha kusimama barabarani asubuhi. Wapitao walisimama wenyewe, wakalitazama kwa muda mrefu, wakaondoka bila kusema kitu.

*

Siku moja kabla ya kombaini ya kuvunia kuja, walifika wageni watatu baada ya swala ya alasiri. Tibeso, Feyo, na Bibi Sorse, mama mzee kuliko wote wa ukoo, ameshika ile fimbo nyembamba ambayo mwanamke wa kwetu hupewa siku ya kuolewa na ambayo hakuna mwanamume anayethubutu kuivuka. Zeytuna aliiona fimbo akaelewa kwamba hawakuja kunywa kahawa. Akakaanga kahawa hata hivyo.

Tibeso ndiye aliyesema. Hakutania, na hilo peke yake lilitisha.

"Beriso, ndugu yetu. Tumekuja kukupongeza. Mungu amekuachia."

"Ni Mungu," alisema Beriso.

"Mashamba yote ni mbegu moja, udongo mmoja, mvua moja. La kwako limesimama. Tumekaa tukajiuliza, alifanya nini mwenzetu? Kama kuna alichofanya, atuambie tujifunze."

"Sikufanya kitu. Ni Mungu tu."

Bibi Sorse aliigonga fimbo chini, taratibu. "Mwanangu, aliyefikwa na jambo akalisema kwa kinywa chake, jambo hilo ni letu sote. Tumebeba ya wengine. Tumebeba hata deni la damu. Huna neno?"

Kahawa ilitoa moshi jikoni. Beriso alitazama mikono yake. Nadhani wakati ule neno lilikuwa limefika mdomoni, nadhani hata Feyo aliliona, maana aliinama mbele kama mtu anayempa mwenzake mkono kutoka shimoni. Kisha Beriso akanyanyua macho, akayakuta ya Feyo, na likarudi ndani.

"Sina neno, Bibi."

"Vema," alisema Tibeso. "Basi tuna ombi. Hatuna mbegu ya mwakani. Ukoo mzima. Wewe ndiye uliyebaki na Lalisa iliyopona. Utatupa mbegu?"

Ilikuwa ndiyo ngano ile ile isiyo na kinga, iliyoponywa na pampu, na mle nyumbani watu watatu walijua hivyo: mwenye nyumba, mkewe na bintiye.

"Nitawapa," alisema Beriso. "Kila kaya. Bure. Wallahi nitawapa."

Ndipo Obse alipotoka jikoni. Alikuwa na unga mikononi na hakuuosha. "Msichukue," alisema. "Mjomba, msichukue. Si Lalisa. Haikuwa Lalisa tangu mwaka jana. Baba alipiga dawa. Nimepima mwenyewe, Agosti, na nilijua, na nilinyamaza."

Beriso hakumgombeza. Alifumba macho.

Tibeso alipumua kwa nguvu. "Tunajua kwamba alipiga dawa, binti. Pampu ile ni ya mtoto wa dada yangu, na kondoo wa baba yako hawana kupe. Tulichokuwa hatujui ni kwamba mlijua mapema." Akamgeukia Beriso, na sasa sauti ilikuwa imechoka. "Mficha uchi hazai. Tulikuja kukusikia wewe. Tulikufungulia mlango mara tatu. Ungesema 'niliogopa', basi tungeondoka hapa tumekukasirikia na bado wewe ni wetu. Badala yake ulikuwa tayari kutupandisha ile ile tena."

"Chukueni ngano yote," alisema Beriso. "Ya kula. Yote, mimi nibakishieni gunia. Feyo, chukua. Nilikuwa nimepanga kuwalisha, muulize huyu mtoto, nilisema nitawalisha."

"Hatukuja kuomba chakula," alisema Bibi Sorse. Akasimama, wenzake wakasimama. Vikombe vya kahawa vilikuwa vimejaa, hakuna aliyegusa.

Zeytuna aliwafuata hadi langoni, peku, mtandio umemwangukia mabegani. Alimshika Feyo mkono wa kanzu, kama alivyokuwa akimshika walipokuwa wadogo wakivuka mto.

"Kaka. Sema kitu."

Feyo aliutoa mkono wake kwa upole, kidole kwa kidole. "Msiba ukitokea kwangu, usije. Na ukitokea hapa, mtafute watu wengine wa kuchimba kaburi."

"Mimi si dada yako?"

"Ndiyo maana nimekuambia mwenyewe," alisema Feyo, "sikutaka uambiwe na mtu."

Akafunga lango nyuma yake, taratibu, wala halikupiga kelele. Kesho yake kombaini ilikuja, ikavuna tangu asubuhi hadi jua kuzama, na Beriso alishona midomo ya magunia peke yake.